Gita la Zamani Lisipakwe Rangi

Miaka mitatu iliyopita nilimrudishia mjomba wangu gita lake la ujanani likiwa jekundu, linang'aa kama pikipiki iliyotoka dukani asubuhi hiyo. Alikuwa amenikabidhi likiwa chakavu, baada ya kulala juu ya kabati nyumbani kwake Chang'ombe kwa miaka mingi. Ndilo alilopigia dansi hapa Dodoma alipokuwa kijana. Nikampa fundi mmoja wa mjini pesa ambazo hata sikuwa nazo zote, nyingine nilikopa. Fundi akalikwangua hadi mbao, akalipiga puti na rangi ya magari, akang'oa pikapu za zamani, vile vinasa sauti vinavyokaa chini ya nyuzi, na kuweka mpya za bei rahisi. Zile za zamani hazikuonekana tena.

Mjomba alilipokea kwa mikono miwili. Akaligeuza. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa juu wa bodi, pale mkono wa kulia unapolala mtu akipiga, mahali ambapo jasho lake lilikuwa limeila rangi mpaka mbao ikatokeza. Akapitisha tena. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mjomba, hili siyo lenyewe." Akaliegemeza ukutani taratibu, akaomba tuletewe chai.

Sijaisahau chai ile. Na tangu hapo nimekutana na vijana wengi, wa kwaya na wa bendi, wanaookota gita la zamani kwenye stoo ya kanisa au kwa jirani anayehama, na swali lao la kwanza huwa ni rangi gani walipake. Jibu langu ni kwamba wasilipake. Kama pesa ni kidogo, na kwa wengi wetu ni kidogo, rangi ndicho kitu cha mwisho kabisa cha kuigharamia. Na hata pesa ikipatikana, bado naamini isipakwe.

Tuangalie gita la umeme linavyotoa sauti. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba maelfu ya mizunguko, waya mwembamba kama unywele. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, uga wa sumaku nao unatikisika, na umeme mdogo sana unazaliwa ndani ya waya ule. Umeme huo unapita kwenye volyumu, unatoka kwenye jeki, lile tundu la kuchomekea waya, unaingia kwenye amplifaya. Basi. Gita likikaa kimya, likikoroma, likigoma kushika tyuni au likiumiza vidole, ugonjwa uko kwenye njia hiyo au uko kwenye shingo. Hauko kwenye rangi. Lakini rangi ndiyo inayoonekana, na fundi asiyelijua gita anajua kupaka, kwa hiyo anauza anachokijua.

Na kuna sababu nyingine, nzito zaidi. Magita ya enzi za dansi yamekwisha. Wapigaji wengi wa wakati ule hawakumiliki vyombo. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, awe jeshi, polisi, shirika la umma au mfanyabiashara. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mpigaji akihama, gita linabaki. Mjomba anasimulia kwamba miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika na vipuri haviingii, gita moja lilichunwa ili jingine lipone, mpaka yote mawili yakawa hayana jina. Sauti tunazo, zimo kwenye kanda za Radio Tanzania. Patrick Balisidya wa Afro 70, mtoto wa Mvumi hapa hapa kwetu, tunamsikia hadi leo. Lakini vile vyombo vilivyoshikwa na watu wa kizazi kile viko wapi? Vichache vilivyobaki vimo mikononi mwa watu kama mimi, na tunavifikia na kopo la rangi.

Mwaka jana nikapata la pili. Mzee mmoja wa Makole alikuwa anasafisha stoo, nikalinunua kwa Sh 90,000. Bodi ya rangi ya kahawia iliyofifia kuwa njano katikati, pikapu mbili, na kwenye kibamba cha chuma kinachoshika shingo kumechapwa MADE IN JAPAN. Hakuna jina lingine. Safari hii nilijiwekea masharti mawili: Sh 100,000 tu kwa matengenezo, na sinunui kitu chochote kabla ya kujua kilichoharibika ni nini.

Sharti la pili ndilo lililonifundisha. Mwenye pesa anabadilisha. Asiye nazo inabidi achunguze. Nilinunua mita ya umeme ya Sh 15,000, ile ya kawaida ya mafundi redio, nikaanza kupima. Volyumu zilikuwa zinakwaruza masikioni kila nikizungusha. Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa kuzing'oa. Nikanunua dawa ya kopo ya kusafishia swichi na maungio ya umeme, nikapuliza kidogo kwenye tundu la kila moja, nikazungusha kwenda na kurudi labda mara hamsini. Mkwaruzo ukaisha. Jeki ilikuwa imelegea. Nilikunja kijimeno chake kidogo kwa koleo kikaanza kubana tena. Mgurumo mkubwa ambao haukupungua hata nikishika nyuzi ulitokana na waya wa ethi ulioachia chini ya daraja, pale nyuzi zinapokaa kwenye bodi. Tone moja la lehemu, ukanyamaza.

Pikapu ya shingo ilinipa kazi. Ya nyuma ilisoma kilo-omu 6 na kidogo, yaani nzima. Ya shingo haikusoma kitu, mita ilikaa kana kwamba sijagusa. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa na kuagiza mpya. Nikaipeleka Majengo kwa mzee mmoja anayetengeneza redio na kusuka mota za pampu za maji. Nilipomsalimu na kumweleza, aliitazama kwa lenzi yake muda mrefu, akabandua utepe wa kitambaa uliofunga koili polepole kama anayefungua kidonda cha mtoto. "Hii ni mota tu, kijana," akasema. "Tofauti yake haizunguki." Waya ulikuwa umekatika pale pale mwanzoni, unapoungana na waya mnene wa kutokea nje. Ndani koili ilikuwa salama. Akautafuta mwisho wa waya ule kwa ncha ya sindano, akaukwangua ngozi yake ya vanishi kwa msasa laini, maana bila hivyo lehemu haishiki, akaunga, akafunga. Mita ikasoma. Alitaka Sh 7,000, nikampa 10,000.

Ningeomba kila mpiga gita wa mji huu alielewe hilo. Tunalalamika kwamba hakuna mafundi wa magita, wakati mji umejaa watu wanaosuka mota, wanaofufua redio, maseremala wenye mikono mitulivu. Na hii ni nchi ya Wagogo, ambako watu wanachonga zeze na marimba kwa mikono yao tangu enzi. Hukwe Zawose aliifikisha sauti hiyo kwenye majukwaa ya dunia. Ujuzi upo. Ni sisi tusiokwenda kuuliza.

Kazi niliyoifanya kwa mikono yangu mwenyewe mwanzo hadi mwisho ni nati, kile kipande chembamba chenye vijinafasi sita pale nyuzi zinapotoka kichwani kuingia shingoni. Cha zamani kilikuwa plastiki na kilikuwa kimepasuka. Duniani kote nati nzuri huchongwa kwa mfupa, na Dodoma mfupa wa ng'ombe si kitu cha kutafuta kwa taa. Nilimwomba muuza supu mfupa wa mguu, ule mnene ulionyooka, nikampa Sh 1,000 ya asante. Nikautoa uboho, nikauloweka kwenye maji ya sabuni ya unga siku nne nikibadilisha kila siku ili mafuta yatoke, kisha nikauanika kivulini. Usiuanike juani, unapasuka.

Ukikata mfupa kwa msumeno wa chuma unasikia harufu ya nywele zilizoungua. Funga kitambaa puani, vumbi lake si zuri kwa mapafu. Nilikata kipande kirefu kidogo kuliko nafasi yake, nikakisugua juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo mpaka kikakaa bila kucheza. Vijinafasi ndiyo kazi yenyewe. Tupa maalumu za kazi hiyo zina bei kuliko gita lenyewe. Nilitumia nyuzi za zamani, zile nene zilizosokotwa, nikizivuta mbele na nyuma kama msumeno. Uzi unachonga nafasi ya unene wake wenyewe. Kwa nyuzi nyembamba nilitumia ubao mwembamba wa msumeno niliousaga ukawa kama wembe. Nafasi lazima iinamie kichwani kidogo, ili uzi uachie kwenye ukingo wa mbele. Ikiinamia upande wa pili uzi unalia kama nzi.

Kujua kina kimetosha, bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, kisha tazama freti ya kwanza. Kati ya uzi na freti ile pabaki mwanya wa unene wa karatasi. Uzi wa pili niliuzidisha, ukagusa. Nikajaza nafasi kwa vumbi la mfupa ule ule na tone la supa gluu, nikasubiri, nikachonga upya. Jumamosi nzima iliishia hapo, kutoka chai ya asubuhi hadi adhana ya magharibi. Nilipofunga nyuzi mpya na kupiga uzi wa sita ukiwa wazi, sauti ilitoka imejaa, na ikakaa hewani kwa muda ambao plastiki haikuwahi kuupa.

Jambo la mwisho ni la hali ya hewa yetu, na sijaona wengi wakilizungumza. Dodoma ni kavu. Mvua yetu haifiki milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Mbao iliyokuzwa na kukatwa kwenye nchi yenye unyevu ikifika hapa inasinyaa, lakini freti ni chuma, hazisinyai. Matokeo yake ncha za freti zinachomoza pembeni mwa shingo. Mwezi wa tisa nilipitisha kiganja kwenye shingo ya gita hili kikakwama kama kwenye miba ya mgunga. Watu wanadhani freti zimeoza, wanataka kuzing'oa. Ni kiu tu. Nilizipunguza ncha kwa tupa ndogo niliyoilaza mshazari, nikamalizia kwa msasa namba 800, nikiwa nimebandika utepe wa karatasi kwenye mbao isikwaruzwe. Tangu hapo naliweka ndani ya kesi pamoja na kisahani cha sabuni chenye matundu, ndani yake sponji lililokamuliwa vizuri. Linakauka baada ya siku mbili tatu, nalilowesha tena.

Shingo nayo ina ufito wa chuma ndani, na unazungushwa kwa spana. Ilikuwa imepinda mbele, nyuzi ziko juu mno. Robo ya mzunguko, kisha unaliacha mpaka kesho yake. Nilifanya hivyo siku tatu. Anayezungusha mzunguko mzima kwa mara moja ndiye anayevunja.

Najua wapo watakaosema kwamba jukwaani gita chakavu linaitia aibu kwaya. Nimeshaambiwa, na mtu ninayemheshimu. Nilimkumbusha kibuyu cha maziwa cha bibi yangu, kilichokuwa na ufa mrefu ulioshonwa kwa uzi unaoonekana kabisa, na hakuna mgeni aliyewahi kukataa maziwa yake. Mahali ambapo rangi imebanduka mpaka mbao inanyonya jasho, pakaa vanishi nyembamba pale tu, inatosha. Na anayefikiria kuja kuuza ajue kwamba wanunuzi wa magita ya zamani wanashusha bei sana wakikuta rangi si ya kiwandani.

Pamoja na nyuzi mpya za Sh 28,000, matengenezo yote hayakufika Sh 80,000. Kutu bado iko kwenye skrubu, njano ya katikati bado iko, na kwenye ukingo wa juu kuna alama ya mkono wa mtu nisiyemjua. Za mjomba bado nazitafuta, zile pikapu mbili. Nimeuliza Majengo, nimeuliza Sabasaba, nimemrudia hata fundi yule mara tatu. Desemba mvua zikianza shingo itabadilika tena, kwa hiyo spana nimeiacha humo humo kwenye kesi, kando ya kisahani cha sabuni.