Paswedi Yangu Ilivyotangulia Mechi Ukutani

Kabla hamjanitumia tena ile voice note ya Katibu wa kamati ya harusi ya mdogo wangu, ile ya kilichotokea kikaoni, naomba mjue ninayo. Nimeipata kutoka kwenu, nimeipata kutoka kwa binamu yangu aliyeko Mwanza, na nimeipata kutoka kwa mtu ambaye namba yake sina wala sijui yangu kaitoa wapi, jambo ambalo kwa mtu wa aina yangu ni msiba ndani ya msiba. Katibu anasema nilijifunika khanga kwa sababu nilikuwa nalia. Sikulia. Lile lilikuwa jasho. Anasema pia nilimtukana Shangazi makusudi mbele ya wakwe, na hapo ndipo nimeona niandike mwenyewe, kwa sababu ndugu wa bibi harusi nao wana simu.

Mnaonifuata muda mrefu mnanijua. Mimi ndiye yule wa koti jeusi lenye kofia katika Desemba ya Dar. Chumba changu kina taa za zambarau, kibodi yangu inawaka rangi zote, na kamera ya kompyuta nimeiziba kwa plasta ya kidonda. Msicheke plasta, mwaka 2016 Mark Zuckerberg mwenyewe alionekana pichani na kompyuta iliyozibwa kamera. Nina kundi la Signal, ile programu ya meseji za siri, lenye watu wawili, mimi na laini yangu ya pili. Najihesabu mtoto wa kiroho wa wale cypherpunks, wataalamu wa kompyuta na maandishi ya siri waliokuwa wakikutana California kuanzia mwaka 1992, walioamini kwamba faragha huombi kwa mtu, unajijengea kwa hesabu na programu. Wao walipanga fedha za kidijitali zisizo na majina. Mimi nikapangiwa michango ya harusi ya mdogo wangu.

Ndiyo, mweka hazina. Na niliomba nafasi hiyo mwenyewe, kwa sababu harusi iliyopita kwenye ukoo wetu mweka hazina alipiga picha daftari zima, majina, namba za simu na kiasi alichoahidi kila mtu, akalitupa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu hata hawajulikani ni wa upande gani. Haukupita muda watu wakaanza kupokea zile meseji za matapeli: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Safari hii ziliwakuta watu ambao kweli walikuwa wanadaiwa hela. Baba mdogo alituma. Akapiga simu kwenye kamati kuulizia kadi yake. Kadi hakuna, hela hakuna, na kwenye harusi akaja hivyo hivyo, akakaa meza ya mbele kwa hasira.

Kwa hiyo mimi nikasema daftari langu halitapigwa picha. Orodha yote nikaiweka ndani ya kasha la VeraCrypt, programu ya kufungia mafaili kwa siri, ambalo ukilifungua bila paswedi unaona takataka tupu. Na paswedi yenyewe sikutunga kichwani, maana kichwa cha binadamu kikiambiwa kibahatishe kinaleta mwaka wa kuzaliwa na jina la mchumba wa zamani. Nilitumia Diceware, mbinu ya Arnold Reinhold ya mwaka 1995 ya kutunga paswedi kwa dadu. Unarusha dadu mara tano, zile namba tano zinakuelekeza kwenye neno moja katika orodha ya maneno 7,776, yaani 6 mara 6 mara 6 mara 6 mara 6. Unarudia mpaka upate maneno sita. Orodha ya Kiswahili niliiunganisha mwenyewe kutoka kwenye kamusi, dadu nikaazima kwenye ludo ya watoto.

Sasa sikilizeni hapa vizuri, kwa sababu Katibu amelipita hili kama halipo. Kanuni ya Diceware ni kwamba HUCHAGUI. Neno likikuudhi, unalichukua hivyo hivyo. Ukianza kukataa hili na kutaka lile, umeshaweka mkono wako na bahati nasibu imekufa. Kwa hiyo maneno yangu nilipewa na ludo. Sikutunga, sikukusudia, na dadu hawamjui Shangazi.

Siku ya kikao tulikuwa kwenye baa moja pale Sinza, upande wa bustani, kwa sababu mwenye baa alitupa nafasi bure mradi tunywe. Mezani alikuwepo Shangazi, mwenyekiti. Alikuwepo Katibu, muungwana huyu. Alikuwepo bwana harusi mwenyewe, na kwa mara ya kwanza wakwe walituma wajumbe: mama mdogo wa bibi harusi na baba yake mkubwa, mzee wa balaghashia asiyecheka. Nyuma yetu ilikuwa mechi inasubiriwa. Jezi za kijani na nyekundu zimejaa viti, na projekta ya mpira imeshawashwa, inamulika ukuta mzima.

Shangazi akasema, "Mweka hazina, tuoneshe hesabu. Tumia hiyo projekta, wageni waone hatuna ujanja."

Nikachomeka waya. Ukutani ikatokea picha yangu ya mandharinyuma tu, ule mji wa usiku wenye mvua na taa. Vizuri, ndivyo nilivyotaka. Kazi niifanyie kwenye kompyuta, ukutani nisogeze jedwali peke yake likiwa tayari. Nikageuka kuangalia mazingira, maana mtu wa usalama huangalia mazingira. Juu ya kaunta nikaona kamera ya ulinzi, imenielekea mgongoni, inachungulia kibodi. Pembeni simu kama zote.

Nikamkumbuka Edward Snowden, yule Mmarekani aliyevujisha siri za ujasusi wa nchi yake. Mwaka 2013, kule hotelini Hong Kong, akiwa na waandishi wa habari chumbani, alijifunika kitambaa kichwani na kompyuta yake ndipo akaandika paswedi. Waandishi wake mwenyewe, aliowaita mwenyewe, na bado alijifunika. Mimi nitamwamini Katibu?

"Shangazi, naomba niazime khanga yako mara moja."

"Unasikia baridi, baba?"

"Hapana Shangazi, ni usalama."

"Wa nini?"

"Wa michango."

Akanipa. Na kwa wale mlioniuliza ilikuwa imeandikwa nini, ilikuwa imeandikwa MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA. Nilivyojifunika maneno yakakaa kisogoni kabisa, yakiwatazama wapenzi wa mpira.

Wakati nahangaika na khanga, kijana wa projekta alinisogelea, akabonyeza kitu kwenye kibodi yangu, akasema, "Bro, ulikuwa unaonesha picha tu. Nimekuwekea vizuri, sasa vinaonekana vyote."

Nikamshukuru. Nikampa na kidole gumba.

Nikaingia chini ya khanga. Wadau, chini ya khanga, ndani ya koti jeusi, na kompyuta inayotoa joto, hali ya hewa ni nyingine. Jasho likaanza kuingia machoni. Nikaandika paswedi kwa mara ya kwanza, nikakosea herufi. VeraCrypt ina tabia moja nzuri sana na mbaya sana: ili kumchosha mtu anayekisia, inaisaga paswedi yako mara 500,000 kabla ya kuijaribu, na ukikosea inaisaga kwa kila njia inayoijua ndipo ikuambie hapana. Nikasubiri gizani. Hapana. Nikaandika tena. Nikasubiri. Hapana. Nje nikamsikia baba mkubwa akiuliza kama kijana anaswali.

Basi nikaweka tiki kwenye kile kisanduku cha kuonesha herufi, niandike kwa kuona. Nani angeniona? Niko chini ya khanga!

Nikaanza polepole, herufi kwa herufi. S. H. A. N.

Nje kukawa na utulivu, nikaupenda. Nikasema moyoni, angalau kikao kina nidhamu.

G. A. Z. I.

Sauti moja nene kutoka upande wa jezi nyekundu ikasema, "Shangazi."

Shangazi, ambaye miwani alikuwa ameiacha nyumbani na ukuta ule hausomi, akaitika, "Abee?"

Mimi nikaona kuna mtu anamwita. Watu wanamwita sana, ni mwenyekiti. Nikaendelea. C. H. U. R. A.

Kwa wakazi wa Dar sina haja ya kueleza neno chura limefikia wapi siku hizi. Walio nje ya nchi waulize ndugu zao, ila wasiulize mbele ya wazee. Bustani nzima ililipuka. Viti viligongana. Nikajua bila shaka kuna mtu anaonesha goli la zamani kwenye simu. Nikakaza uzi.

T. A. L. A. K. A.

Hapo kicheko kilikatika. Nikamsikia mama mdogo wa bibi harusi akisema, "Audhubillahi." Nikadhani mende. Ile bustani ina mende. Nikainua miguu.

Nikaandika sufuria, na upande wa jezi za kijani ukaanza mjadala: mmoja anasema shangazi ndiye anayeomba talaka, sababu ni sufuria, mwingine anasema sufuria ndiyo mahari. Nikashangaa watu wa mpira wanazungumza mambo ya familia namna hii, nikasema jamii yetu inabadilika. Nikaandika mkopo. Kimya. Kimya kizito, wadau. Wanaojua habari za Shangazi na kikoba cha mtaani kwake wameshaelewa. Wasiojua, mimi sithubutu kuandika hapa, kesi moja inanitosha.

Na Katibu, rafiki yangu tangu shule, aliyeketi hatua moja kutoka kwangu, ambaye angeweza kunivuta mguu, kunimwagia soda, kuchomoa waya, chochote? Katibu alikuwa anarekodi.

J. O. N. G. O. O.

Kama jambo lina bahati mbaya ya kutosha, neno la mwisho ndilo linalofanya sentensi. Bwana harusi yupo pale. Wakwe wapo pale. Ukutani, kwa herufi kubwa kuliko mtoto wa darasa la pili, kuna talaka na kuna jongoo. Kila mtu mzima pale Sinza anajua jongoo akitajwa karibu na harusi huwa anasifiwa au kulaumiwa kwa kazi gani, na mtungi unahusikaje.

Nikabonyeza Enter. Nikajifunua kwa madaha, nywele zimelowa, nikatabasamu, nikasema, "Sasa tuko salama."

Hakuna aliyenitazama. Nyuso zote zilikuwa juu ya bega langu. Nikageuka taratibu.

Programu ilikuwa inasaga. Mara 500,000. Kidirisha kidogo cha "subiri" katikati, na juu yake, pana, nyeupe, wazi kabisa: shangazi chura talaka sufuria mkopo jongoo. Nilitaka kufunga kompyuta, mkono ukagoma. Wakati huo Shangazi alikuwa ameshaazima miwani ya baba mkubwa. Nikamwona anasoma. Midomo inasogea. Alivyofika kwenye neno la tano akasimama, akarudi kwenye la pili, akaanza upya.

Baba mkubwa akasimama, akamgeukia mdogo wangu, akasema kwa upole ulioniumiza kuliko ukali, "Mwanangu, haya mambo ya jongoo tungeambiwa mapema. Kuna dawa."

Mdogo wangu akasema, "Baba, mimi mzima!" kwa sauti ambayo hata waliokuwa jikoni wanachoma kuku waliipokea.

Nami, badala ya kunyamaza, nikaamua kufafanua. Nikawaeleza kwamba maneno ni ya nasibu, na kwamba ili kuyakumbuka, wataalamu wanashauri uyatungie kihadithi. "Kwa mfano," nikasema, na naomba mnisikie nilivyojisikia mimi mwenyewe nikiendelea kusema, "mimi nilijitungia kwamba Shangazi kamwona chura, kaomba talaka, kabeba sufuria, kachukua mkopo, akaenda kununua jongoo."

Shangazi akavua ile miwani. "Wa bei gani?" akauliza.

Yaliyofuata nayapitisha haraka. Kasha lilifunguka, hesabu zilikuwa safi mpaka shilingi ya mwisho, hakuna aliyezitazama. Upande wa jezi nyekundu ulichanga elfu ishirini papo hapo "kwa ajili ya jongoo", nimeiandika kwenye jedwali kama mchango wa wasamaria. Wakwe wamepoa baada ya bibi harusi mwenyewe kuongea na baba yake mkubwa, alichomwambia sijui na sitaki kujua. Khanga nimerudisha, imefuliwa. Usiku ule ule nilirusha dadu upya nikapata maneno mengine sita, hayana ukoo ndani yake. Shangazi kaniambia nisimwoneshe, lakini nimwapie.

Kuhusu ile ya zamani, wengi mmeniuliza kama ni hatari kwamba mji mzima unaijua. Kwangu haifungui kitu tena. Ila mwenye baa, mjasiriamali yule, aliona wateja wake wote wameikariri kwa usiku mmoja, akaifanya paswedi ya Wi-Fi. Imebandikwa pale kaunta, chini ya ile kamera. Juzi Shangazi kapita kunywa soda, bando limemwishia, kamwita mhudumu kumwomba paswedi. Binti wa watu, hamjui hili wala lile, akamwambia, "Anza na shangazi, mama, halafu nitakutajia."