Kwenye barua ya malalamiko, usiandike "grudge"

Mfanyakazi aliyecheleweshewa mshahara akimwandikia mwajiri "I hold a grudge against the company", amejifunga goli mwenyewe. Kisarufi sentensi haina kosa. Tatizo ni kwamba "grudge" humlaumu aliyekasirika: ni hasira iliyowekwa akiba, ambayo msomaji anaona ingeshakwisha zamani. Dai la haki huitwa "grievance", na ndilo neno la taratibu za malalamiko kazini. Andika "I wish to raise a grievance about", kisha utaje mwezi na kiasi unachodai, na ofisi ya utumishi itakuwa na kitu cha kushughulikia. Ukiandika "grudge", umewapa sababu ya kuhoji nia yako.

Ukimsema mtu mwingine, "grudge" inafaa, ila ijenge vizuri. Huhesabika, kwa hiyo "a" haidondoki, na kihusishi chake ni "against". Kinachotuponza ni "ana kinyongo na mimi", tunaandika "with me". "Ameniwekea kinyongo" nayo huzaa "he has kept me a grudge". Na ukiibeba "ana jambo moyoni juu yangu" neno kwa neno, "she has something in her heart for me", jiandae kupongezwa kwa uchumba.

"Bad blood", yaani uhasama wa muda mrefu kati ya watu, haitaki "a", inataka "between". Usiichanganye na "damu zetu haziendani", ambayo haihitaji sababu yoyote; watu wanaweza kutopendana tangu siku ya kwanza. "Bad blood" ina historia. Inawafaa ndugu waliogombea shamba la urithi wakaacha kuhudhuria misiba ya wenzao.

"Axe to grind" wengi huidhania hasira kwa sababu ya shoka. Siyo, ni masilahi binafsi yaliyofichwa nyuma ya hoja.

Ningekuwa mhariri, ningefuta "a chip on his shoulder" karibu kila ninapoikuta. Ilitoka Marekani katika karne ya 19, kwa vijana waliojiwekea kibanzi cha mti begani na kumthubutisha mwenzao akiangushe. Maana yake ni mtu anayetafuta ugomvi au anayeona kaonewa kila mahali. Kumwambia hivyo aliyeonewa kweli ni kumnyamazisha, na magazeti yetu huitumia kirahisi mno kwa wanasiasa walioenguliwa.

Kwa kupatana kuna "bury the hatchet", kutokana na desturi ya wenyeji wa kaskazini-mashariki mwa Amerika, wakiwemo Wairokwa, ya kuzika silaha wanapofanya amani. Inahitaji pande mbili. Ukisamehe peke yako, sema "I don't hold it against you", na "it" isisahaulike, maana ndiyo inayosimama badala ya kosa ulilotendewa. "No hard feelings" (tusiwekeane kinyongo) mwachie aliyeshindwa aitamke kwanza. Ikitoka kwa aliyepandishwa cheo, mwenzake aliyekosa nafasi husikia kejeli.