Mabinti Wanafutwa kwa Chifu Kabla Kesi Haijafika Kortini

Juzi nilikaa kwenye kikao cha kunyoa huku kwetu Kakamega, kile cha kimila cha kumaliza madeni na urithi wa marehemu, siku chache baada ya mazishi. Waliomdai marehemu walisimama mmoja mmoja, madeni yakatajwa, yakakubaliwa. Kisha mzee aliyeongoza kikao akatoa karatasi mfukoni akasoma majina ya warithi ya kupelekwa kwa chifu: mama mjane na wavulana watatu. Mabinti watano walikuwa kwenye mkeka kando ya jikoni, mikono bado ina masizi ya sufuria, maana ndio waliowapikia waombolezaji tangu mwili utoke mochari. Mkubwa wao akauliza kwa adabu, "Na sisi je, baba mkubwa?" Akajibiwa, "Mwanangu, ninyi mna kwenu mlikoolewa. Mambo ya korti msituletee hapa."

Wawili kati ya hao watano hawajaolewa. Hakuna aliyelisema hilo, na kikao kikaendelea.

Nimekuwa na hasira tangu siku hiyo, kwa sababu haki ya mabinti kurithi ilipiganiwa na ikashinda kisheria zamani. Sheria ya Urithi ilianza kutumika Julai 1981, na ilisema watoto wa marehemu asiyeacha wosia wagawane sawa. Haikusema wavulana. Ilisema watoto. Ni kweli ardhi ya kilimo ya wilaya kadhaa za wafugaji iliachwa chini ya mila, lakini Kakamega haikuwa mojawapo. Kilichotuumiza ni Katiba ya zamani. Kifungu cha 82 kilikataza ubaguzi, kisha kijisehemu cha nne kikatoa ruhusa ya kubagua katika ndoa, talaka, mazishi na urithi, yaani katika maisha yote ya mwanamke. Hata neno "jinsia" halikuingizwa kwenye kifungu hicho hadi 1997. Tuliosikia wazazi wetu wakisimulia kesi ya S.M. Otieno, wakili wa Nairobi, tunakumbuka: mwili ulikaa tangu Desemba 1986 hadi Mei 1987, na mwishowe ukoo ukampokonya Wambui Otieno haki ya kumzika mumewe. Akazikwa Nyalgunga, Siaya.

Halafu ikaja kesi ya Rono. Mzee aliacha ekari 192, wake wawili, wavulana na wasichana. Mahakama Kuu ikawapa wavulana ekari 30 kila mmoja na wasichana 5 kila mmoja, kwa hoja kwamba msichana anaweza kuolewa. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani, ikiketi Eldoret, ikaikataa hoja hiyo. Eldoret si ng'ambo. Ni safari ya matatu kutoka hapa. Na mwaka 2010 tukapata Katiba mpya: Kifungu cha 27 kinasema mwanamke na mwanaume ni sawa, cha 60 kinataka ubaguzi wa kijinsia kwenye ardhi uondolewe, na cha 2 kinasema mila yoyote inayopingana na Katiba ni batili.

Kwa hiyo tatizo liko wapi? Liko kwenye barua ya chifu. Ukienda kufungua kesi ya mirathi unabeba cheti cha kifo na barua hiyo, inayotaja marehemu ameacha nani. Jaji hajui boma lenu. Hajui kama mzee alikuwa na watoto watatu au wanane. Anachokiona ni karatasi yenye mhuri, na karatasi ikisema watatu, basi korti inagawa kwa watatu. Katiba yote ile haina jinsi ya kumfikia binti ambaye jina lake halikuandikwa. Tangazo la kesi hutoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi ana siku 30, lakini huku kijijini nani analiona gazeti hilo? Ndiyo, Kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi kinaruhusu korti kufuta usimamizi wa mirathi uliopatikana kwa kuficha ukweli. Lakini kaka akishauza shamba, sheria hiyo hiyo inamlinda mnunuzi, na dada anabaki kugharamia wakili akiitafuta ardhi yenye nyumba ya mtu mwingine juu yake.

Nitakubali jambo moja, nalo silipendi: mashamba yamekwisha. Nusu ekari ukiigawa mara nane hupati pa kupanda hata sukuma wiki. Lakini udogo wa shamba haujawahi kuwa sababu ya kumwacha nje mvulana anayeishi Nairobi na kuja nyumbani Krismasi tu. Yeye fungu lake linamngoja. Kama shamba halitoshi, limilikiwe na familia kwa pamoja, au wafidiane pesa, na mabinti wakiwa mezani.

Kwa wale mabinti watano na wengine kama wao: nendeni kwa chifu wenyewe, na vitambulisho vyenu, kabla barua haijatoka. Msitie sahihi karatasi yoyote ya "kukubali" mliyoletewa jikoni.

Na kwa machifu wetu: mnaita baraza kwa ajili ya chang'aa, kwa ajili ya ng'ombe walioibwa, kwa ajili ya watoto wasioenda shule. Iteni na la mirathi. Orodha isomwe hadharani, mjane akiwepo, watoto wote wa marehemu wakiwepo, walioolewa na wasioolewa, na jina lililoachwa lidaiwe hapo hapo kabla mhuri haujagongwa.