Kisanduku cha kampuni nacho ni ruta

Mtu akihama kampuni ya intaneti hapa Dar es Salaam, wiki ya kwanza ni sifa, wiki ya pili ni lawama: "Kumbe hawa nao ni walewale." Mimi hupigiwa simu hapo katikati, sifa zimeanza kupungua na lawama hazijakomaa, kwa sababu ndugu na majirani wameshaamua kwamba mambo ya ruta nayajua. Nina msimamo wangu, na hauwafurahishi. Mara nyingi waya wa kampuni mpya ni mzima. Tatizo limekaa sebuleni, kati ya kisanduku alicholeta fundi na ile ruta ya zamani ambayo mwenye nyumba hataki kuiacha kwa kuwa aliinunua kwa hela yake. Kampuni nayo ina lawama yake, ila siyo hii inayopewa.

Tuanze na hicho kisanduku. Faiba ikifika nyumbani, uzi wake mwembamba wa kioo unachomekwa kwenye kifaa ambacho wengi wanadhani ni mahali intaneti inapotokea tu, kwa hiyo wanaona ni sawa kuweka ruta mbele yake. Kumbe kifaa hicho kinafanya kazi kadhaa kwa mpigo. Kinapokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme, kinagawa anwani za IP, yaani namba za kutambulisha kifaa mtandaoni, kwa kila simu na runinga iliyomo ndani, kinazuia maombi ya ovyo yanayotoka nje, na kinarusha waifai. Hiyo tayari ni ruta kamili. Ukiongeza yako, unakuwa nazo mbili, na hakuna aliyeziambia nani afanye nini.

Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alihama kutoka ruta ya laini ya simu kwenda faiba. Kisanduku kipya kilifungwa karibu na mlango, chumbani kwake waifai haifiki vizuri. Akachukua waya, akaunganisha kisanduku na ruta ya zamani iliyoko chumbani, tundu lolote lililokuwa wazi huku na tundu lolote kule. Taa zikawaka zote. Jioni akanipigia.

"Mwanangu, simu yangu inashika vizuri kabisa, imejaa, lakini WhatsApp haiendi. Ya mjukuu wangu hapohapo inakwenda. Sasa hiyo intaneti inachagua watu?"

Alikuwa ameshapiga huduma kwa wateja, akaambiwa: "Mama, zima halafu washa." Akazima, akawasha, ikakaa sawa. Baada ya muda ikarudi kulekule, safari hii simu ya mjukuu ndiyo iliyogoma.

Na kweli, ilikuwa inachagua. Vifaa vyote viwili vilikuwa na anwani moja, 192.168.1.1, na vyote viwili vilikuwa vinagawa anwani kwa yeyote anayeomba. Simu ikiingia kwenye waifai inauliza: nipewe anwani gani, na njia ya kutokea nje ni ipi? Anayejibu kwanza ndiye anayesikilizwa. Akijibu kisanduku cha kampuni, simu inatoka nje. Ikijibu ruta ya zamani, inajitaja yenyewe kuwa ndiyo njia, ilhali laini yake haina hata bando, na simu inabaki imeunganishwa bila intaneti. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ndiyo maana zima-washa ilionekana kuponya: kila kifaa kiliomba upya, na bahati ikaangukia upande mzuri kwa muda.

Wala kugongana huko si mkosi. Tangu miaka ya 1990 kuna mafungu ya anwani yaliyotengwa kwa matumizi ya ndani tu, yasiyotumika kwenye intaneti ya wazi, na hilo linaloanza na 192.168 ni mojawapo. Watengenezaji wengi wa ruta za nyumbani wanaanzia 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Ukikutanisha ruta mbili za kampuni tofauti, uwezekano wa kugongana ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani.

Dawa yake haina gharama. Ruta ya zamani inanyang'anywa madaraka: inaambiwa iache kugawa anwani, inapewa anwani nyingine iliyo nje ya zile zinazogawiwa na kisanduku, na waya unatoka kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la kisanduku kwenda tundu la LAN la ruta, siyo lile la WAN (la kupokea intaneti kutoka nje). Ruta nyingi za miaka ya karibuni zina mpangilio wa kuifanya yote hayo kwa mguso mmoja, unaitwa "Access Point". Baada ya hapo ruta inabaki kurusha waifai tu. Ukitaka, ipe jina na neno la siri sawasawa na vya kisanduku, simu itahama yenyewe kutoka sebuleni hadi chumbani. Lakini usiweke jina moja kabla ya kumaliza hilo la kwanza, maana simu itarukaruka kati ya mitandao miwili na hutajua iko upi.

Wengine huchomeka waya kwenye tundu la WAN, na ruta ikiwa na akili kidogo inajihamisha kwenda fungu jingine la anwani. Hapo intaneti inakwenda. YouTube inacheza, meseji zinafika, kila mtu ameridhika. Kasoro hujitokeza pembeni: printa iliyoko kwenye kisanduku haionekani na kompyuta iliyoko kwenye ruta, simu haioni runinga ya kurushia picha, kijana analalamika kwamba mchezo wake haumuunganishi na wenzake. Ni nyumba moja yenye mitandao miwili, mmoja ndani ya mwingine. Kama hakuna anayelalamika, mimi siigusi. Kuna watu wakisikia hali hii ikiitwa "NAT mara mbili" (anwani kubadilishwa na ruta mbili mfululizo) wanashika kichwa kana kwamba nyumba inaungua, si lazima.

Sasa habari ya ruta kubwa. Kasi ikishuka, wazo la kwanza ni kwenda Kariakoo, na huko utakutana na ruta yenye antena sita au nane, na muuzaji atakuapia kwamba "hii inapenya ukuta". Kuna jambo muuzaji hatalisema. Waifai ni mazungumzo ya pande mbili. Hata ruta yako ikipiga kelele kiasi gani, simu nayo lazima ijibu, na simu ina antena ndogo na nguvu ndogo kwa sababu inalinda betri. Ndiyo maana unaona alama imejaa na ukurasa haufunguki: simu inaisikia ruta, ruta haiisikii simu. Antena nyingi husaidia kidogo katika kusikiliza, lakini ukuta wa tofali za saruji wenye nondo ndani yake, kisha kabati la vyombo, kisha friji, hausikii bei uliyolipa. Kusogeza kisanduku kutoka nyuma ya runinga na kukiweka juu, mahali pa wazi, kumewasaidia watu wengi kuliko ununuzi wowote niliouona. Na kama nyumba ni ndefu au ya ghorofa, waya mmoja hadi katikati ya nyumba, kisha ruta ya zamani iliyonyang'anywa madaraka, unashinda vifaa vya kurudia mawimbi vinavyochomekwa ukutani. Vile vya bei nafuu vinapokea na kutuma kwa redio hiyohiyo, kwa hiyo kasi hupungua karibu nusu hapohapo.

Masafa nayo. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali lakini ni njia yenye msongamano: yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na kwenye nyumba za kupanga zilizobanana majirani wote mnagombania hizohizo. Ya gigahezi 5 yana nafasi na kasi, ila ukuta yanauogopa. Runinga iliyo karibu na kisanduku iwe kwenye 5. Ukiweza, ipe waya kabisa, na uwaachie wengine hewa.

Kuna jambo moja la waya lenyewe. Mtu ananunua kifurushi cha Mbps 200, anapima, anapata 94, kesho 94, keshokutwa 93. Namba isiyotikisika namna hiyo, iliyo chini kidogo tu ya 100, mara nyingi inamaanisha kwamba tundu la ruta ya zamani mwisho wake ni 100, au ndani ya waya kuna nyuzi zilizokatika na zimebaki nne zinazofanya kazi kati ya nane. Badilisha waya kwanza. Ni rahisi kuliko ugomvi. Na kabla ya ugomvi, kumbuka Mbps ni biti, siyo baiti, na baiti moja ni biti nane. Kifurushi cha 20 kitakushushia faili kwa takriban megabaiti 2.5 kwa sekunde kikiwa kizima kabisa.

Sasa nigeukie kampuni, maana nimewatetea vya kutosha. Kinachonikera ni kufunga kifaa ndani ya nyumba ya mtu na kuondoka na funguo zake. Mteja anapewa neno la siri la waifai, lakini la kuingilia mipangilio hapewi, au anapewa lile dogo linaloonyesha kurasa tatu tu. Akitaka ruta yake ndiyo iwe kuu, kisanduku kinapaswa kuwekwa kwenye hali ya daraja, yaani kiache mengine yote kibaki kugeuza mwanga na kupitisha. Kwa kampuni nyingi hilo hufanywa na wao wenyewe. Ni jambo la dakika chache, lakini mpokea simu wa kwanza hajawahi kulisikia, anakurudisha kwenye zima-washa.

Na hata wakikubali, wanasahau kukupa vilivyobaki. Baadhi ya huduma hutaka jina la mtumiaji na neno la siri kwenye ruta, kwa mtindo wa PPPoE. Nyingine zimesajili kifaa cha kwanza kwa namba yake ya MAC, ile iliyopewa kiwandani, na ruta yako ikijitokeza inaonekana mgeni. PPPoE ina ujanja wake mwingine: pakiti, yaani kifungu kimoja cha data, ya kawaida kwenye waya hubeba hadi baiti 1500, na mtindo huu unachukua 8, zinabaki 1492. Ruta isiyowekwa sawa inaendelea kutuma kama zamani. Matokeo ni ugonjwa wa ajabu, tovuti hii inafunguka, ile inaning'inia milele, na mwenye nyumba anaapa kwamba kampuni imemfungia.

Kamera za usalama ni kesi ya peke yake. Mtu alikuwa anaangalia duka lake kutoka safarini, amehama kampuni, haoni tena. Anwani za IP za mfumo wa zamani hazizidi bilioni 4.3 duniani kote na hazitoshi, kwa hiyo kampuni nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, na ombi linalotoka nje halijui liende nyumba ipi. Mwaka 2012 lilitengwa fungu maalumu kwa kazi hiyo, anwani zinazoanza na 100.64 hadi 100.127. Fungua mipangilio ya ruta iliyo kuu (kisanduku, kama hakijawekwa daraja), tazama anwani iliyopewa upande wa nje. Ikiwa ndani ya fungu hilo, au haifanani na ile inayotajwa na tovuti za kuonyesha anwani yako, hakuna kifungo utakachobonyeza nyumbani kikarudisha kamera ya mtindo wa zamani, ile inayofikiwa moja kwa moja kutoka nje. Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoanza Kenya mwaka 2023, nayo hutumia utaratibu huohuo kwa wateja wa kawaida wa nyumbani. Utahitaji kuomba anwani ya umma, ambayo mara nyingi hulipiwa, au kamera inayopitia seva ya mtengenezaji. Hili ndilo swali la kuuliza kabla ya kuhama, na sijaona tangazo lolote la faiba linaloligusia.

Kwa hiyo mtu akinipigia sasa, siulizi alama za waifai. Nauliza taa. Ikiwa taa ya LOS kwenye kisanduku inawaka nyekundu, mwanga haufiki: uzi umekatika, umekunjwa nyuma ya kabati, au umechomoka. Hapo ni kazi ya kampuni, na usikubali kuzungushwa. Taa zikiwa sawa, toa ruta yako, chomeka kompyuta kwenye kisanduku kwa waya, pima. Ikiwa hapo kasi ni ya kifurushi chako, kampuni imetimiza yake na tunahamia sebuleni. Ikiwa hapo nako ni mbaya, una ushahidi wa kuwapelekea, maana waifai kama kisingizio imeshaondoka mezani.

Zipo siku ambazo kosa si la mtu yeyote ndani ya nchi. Tarehe 12 Mei 2024 mikonga ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika, kuanzia Tanzania hadi Kenya na Uganda watu walikaa wakibonyeza vitufe vya ruta zao. Siku ya namna hiyo waulize wa mtaa mwingine, wanaotumia kampuni nyingine, kabla hujagusa kitundu cha riseti. Kile kitundu kinafuta kila kitu, pamoja na yale maelezo ya PPPoE ambayo hukuyaandika popote.

Na ukiwa ndiyo kwanza unahama, mfungaji akishamaliza na kukuletea fomu ya kusaini, mkaribishe chai. Mwombe apime kwa waya mbele yako, akuandikie maneno ya siri yote, na akuambie kama kisanduku kinaweza kuwekwa daraja na nani wa kupigiwa. Akiwa na haraka atanung'unika kwamba ana nyumba nyingine tatu za kufunga. Mwache anung'unike, fomu yake bado haijasainiwa.