Rubani Akipaa Tena, Msimnunie

Ndege ndogo ya mtu binafsi ikipata ajali wakati wa kutua, watu huwahi kusema upepo ulikuwa mbaya, au injini ilizima. Swali langu mimi huwa jingine: kwa nini rubani hakuacha kutua, akapaa tena?

Ajali nyingi za namna hii haziui. Pangaboi hupinda, gurudumu la pua huvunjika, rubani akatoka akijipangusa vumbi huku aibu ikimuuma kuliko goti. Lakini mara nyingi mambo yaliharibika kabla magurudumu hayajagusa chini. Ndege imekuja na kasi kubwa mno. Kasi ikizidi kwa asilimia 10, nishati ya kumalizwa inazidi kwa asilimia 21, maana nishati hupanda kwa mraba wa kasi. Basi ndege inagoma kukaa, inaelea juu ya lami huku njia ikizidi kuisha. Rubani anailazimisha, gurudumu la pua linatangulia, inadunda. Anasukuma usukani mbele ili aitulize, na hapo ndipo inapodunda vibaya zaidi.

Mbaya kuliko hiyo ni kona ya mwisho, ile ya kuilekea njia ya kutulia. Amepitiliza mstari wa njia, anakaza kona ili aurudie. Ukiilaza ndege nyuzi 60 bila kupoteza kimo, kasi ya chini kabisa ambayo mabawa bado yanaibeba hupanda kwa asilimia 41. Akiivuta pua juu, mabawa yanaacha kubeba, na ardhi iko karibu mno kujirekebisha. Hapo hakuna wa kujipangusa vumbi.

Dawa yake kwa kawaida ni kuongeza moto, kupaa, kuzunguka na kuja upya. Kila rubani amefundishwa. Kinachomzuia ni haya, na haya hiyo tunamtia sisi abiria.

Niliwahi kupanda ndege ya viti 4, rubani akiwa jamaa tunayefahamiana. Tukiwa karibu kabisa kugusa lami, injini ikanguruma, tukapanda tena. Mwenzangu wa nyuma akasonya: "Huyu bado anajifunza?" Nami, sitaficha, nilicheka.

Mara ya pili tulitua hata sikusikia magurudumu yakigusa. Jamaa akasema tu, "Ile ya kwanza sikuipenda." Tukateremsha mabegi yetu, na hakuna aliyemwambia asante.