Mshauri alianza kwa kuniuliza kama ninalala

Hapa Bukavu neno "holistiki" hakuna asiyelisikia. Toka Docta Mukwege afungue hospitali ya Panzi mwaka 1999 tumezoea kwamba mama aliyebakwa hatibiwi mwili tu, kuna madawa na upasuaji, kuna wa kumsikiliza moyo, kuna wa kumsaidia apate kazi na ka-mtaji, kuna avoka wa kumsimamia mu tribinali, na katikati ya yote kuna mama sheri anayemshika mkono siku kwa siku. Dunia ikaja kujifunza kwetu, 2018 wakampa Nobel. Sasa mimi nauliza, akili hiyo kwa nini tuiachie vita peke yake? Mu manyumba yetu ya Kadutu, Bagira, Ibanda, bwana na bibi wanakaa miezi bila kusemeshana, na sisi tunajua dawa moja tu, konsei ya familia, kikao cha wakubwa.

Nasema hivi kwa sababu yalinipata. Waasi wa M23 walipoingia mjini Februari 2025 benki zikafungwa, mshahara wangu ukasimama, usingizi nao ukaenda. Nikawa naamka saa nane za usiku nakaa ku barza na simu mpaka karibu kuche, bibi yangu kila akigeuka anaona mwangaza wa simu, akafikiri kuna mwanamke, mimi nikaona ananichunga kama mwizi. Maneno yakawa makali, kisha yakaisha kabisa. Bugali inawekwa ku meza, kila mtu anaangalia sahani yake, na watoto wakajifunza kula haraka haraka na kutoka.

Tulipita kwanza kwa wakubwa. Baba mkubwa, shangazi, shahidi wa ndoa, wote wamekaa mu salon, tukasikilizwa, mimi nikapewa makosa yangu na bibi ya kwake, tukaambiwa tuombane msamaha na tukaombana kweli. Wiki mbili tukarudi palepale. Siwalaumu, wanatupenda, lakini konsei inajua kukata kesi na sisi hatukuwa na kesi ya kukata. Tukaingia pia mu chumba kimoja cha maombi, huko wakasema mama mkwe wangu ndiye anatufunga, na hilo lilimuumiza bibi yangu kupita kelele zangu zote. Mpaka leo nasikia haya kwamba nilinyamaza pale.

Mshauri tuliyempata baadaye ni mama mmoja wa makamo, zamani alikuwa APS, wale wanaofundishwa kusikiliza na kusindikiza watu wenye shida za moyo. Nilifika na maneno yangu yote juu ya bibi, akanikata pole pole: "Papa, tutafika huko. Kwanza, unalala?" Akauliza nakula nini, nakunywa nini, wapi panauma, naomba Mungu bado ao niliacha. Akanituma nikapime presha, ikawa juu. Bibi alikuwa bado ananyonyesha, anachoka mpaka anasinzia amesimama, akamtuma apime damu, wakakuta imepungua. Kumbe miezi yote ile tulikuwa wagonjwa wawili tunahesabiana makosa.

Kisha akamwona kila mmoja peke yake kabla ya kutukalisha pamoja, na hii naiona ndiyo kitu kikubwa kuliko vyote. Bibi akiwa peke yake anaweza kusema kama anapigwa ao kama anaogopa kurudi nyumbani. Kukiwa mapigo mshauri mzuri hawakalishi wawili pamoja ili wapatane, anatafuta kwanza usalama wa anayepigwa, kwa sababu neno analosema mbele ya bwana yake mchana linaweza kumrudia usiku. Wakubwa wetu hili hawalitazami, wanauliza mbele ya wote "mama, sema ukweli", atasema ukweli gani pale?

Alitufundisha pia kusimamisha ugomvi. Moyo ukianza kupiga mbio mtu hasikii tena, mwili umeshaingia vita, kwa hiyo mmoja akisema "nipumzike" mwingine asimfuate mpaka ku mlango. Dakika 20 hivi, tembea, pumua pole pole, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, na aliyeomba kupumzika ndiye anarudi kufungua maneno, la sivyo inageuka kukimbia. Siku nyingine akatupa karatasi tuandike feza inayoingia na inayotoka. Pale ndipo niliona kwa macho kwamba miezi ile nyumba ilikula sambaza za bibi yangu, zile samaki ndogo za ziwa anazouza kila asubuhi, na sikuwahi kumwambia aksanti. Nililia mu biro ya watu.

Lakini wapo wanaochukua neno holistiki wakauzia watu mafuta na majani, wanasema acha vidonge vya docta. Hapo kimbieni. Mshauri wa kweli anajua mwisho wa kazi yake, mtu akisikia sauti zisizokuwepo ao akitaka kujiua anampeleka SOSAME kwa wanaotibu magonjwa ya akili, hamweki mu maombi na chai. Na anafunga kinywa, maana Bukavu ni ndogo, neno likitoka asubuhi Panzi mchana liko Nguba.

Watu wananiambia hiyo ni ya matajiri. OMS, Shirika la Afya Duniani, mwaka 2016 ilitoa mpango wa vikao 5 tu vya kusaidia mtu mwenye stresi, na anayeuongoza halazimiki kuwa na diploma ya saikolojia, anafundishwa na anasimamiwa vizuri. Ba-APS tunao, basi ku santé tunapopimia watoto uzito tumwulize mama nyumbani wanalala namna gani, na papa aitwe naye.

Randevu yetu nyingine ni Alhamisi. Mimi nilidhani tumemaliza, bibi yangu, Mama Neema, ndiye akasema bado, kuna maneno ya mama yake na kile chumba cha maombi, hatujayagusa.