Mpaka wa Rhine: Gari la Kukodi Livuke, au Abiria Avuke kwa Treni?

Strasbourg iko Ufaransa, Kehl iko Ujerumani, na kinachozitenganisha ni mto Rhine tu. Tangu Aprili 2017 tramu ya Strasbourg, laini D, hupita darajani na kumshusha abiria Kehl kwa tiketi ileile anayopandia mjini. Nchi zote mbili zinatumia euro na zote zimo Schengen, kundi la nchi za Ulaya ambazo kwa kawaida hazikagui pasipoti kwenye mipaka kati yao. Lakini kodi gari Strasbourg, kisha uombe kulirudisha upande wa Ujerumani: bei inaweza kupanda kwa mamia ya euro, hata kama gari lenyewe umelitumia siku mbili tu.

Ndiyo maana kuna wasafiri wanaochanganya: treni kwa masafa marefu na kwa kuvuka mpaka, gari kwa vijiji visivyofikika kwa urahisi. Wengine wanaona huo ni usumbufu wa kujitakia. Kama mpaka wenyewe hauonekani, ya nini kushusha mabegi, kurudisha ufunguo na kupanga foleni upya ng'ambo? Mimi naegemea upande wa wanaochanganya, ila naona hoja yao hutetewa vibaya. Wanapenda kusema treni ni nafuu. Mara nyingi si nafuu, hasa mkiwa wanne au watano.

Tuanze na ile ada ya kurudisha gari nchi nyingine, kwa sababu wengi huidhani ni wizi mtupu. Gari lenye namba za Ufaransa limesajiliwa Ufaransa, linalipiwa kodi huko na bima yake imepangwa huko. Likiachwa Ujerumani, kwa kawaida tawi la pale haliwezi kumkabidhi mteja yeyote tu aondoke nalo. Litakaa uani hadi apatikane mtu wa kulirudisha kwao, na siku zote hizo haliingizi kitu. Ada inafidia hayo, na bila shaka kampuni inaongeza cha juu. Soko la pamoja la Ulaya limefungulia njia watu, jibini na mitaji, lakini gari la kukodi bado lina uraia.

Sasa tuchukue safari yenyewe: Paris, vijiji vya mvinyo vya Alsace upande wa Ufaransa, milima ya misitu ya Schwarzwald upande wa Ujerumani, na mwisho Basel, Uswisi, kupanda ndege. Kipande cha kwanza hakina ubishi. Treni ya kasi kutoka Paris inafika Strasbourg kwa saa 1 na dakika 46, ya haraka kuliko zote. Kwa barabara ni karibu kilomita 490, zaidi ya saa nne za usukani, na tozo njiani. Kukodi gari Paris ili ulifikishe Alsace ni kulipia siku nzima ya kutazama mgongo wa lori.

Alsace ndiko gari linakostahili. Riquewihr, Kaysersberg na Eguisheim ziko karibu na mji wa Colmar, lakini mabasi ni machache, na Jumapili ndiyo usiseme. Ukiwa na gari unaanza na kijiji kimoja asubuhi kabla mabasi ya watalii hayajamwaga watu, unakula kwenye cha pili, unalala kwenye cha tatu. Colmar na Strasbourg zimeunganishwa na treni ya takriban nusu saa, hivyo gari unaweza kulichukua na kulirudisha Colmar hapohapo. Hakuna ada ya kuacha gari mji mwingine, na hakuna haja ya kuliingiza Strasbourg mjini, ambako kutafuta maegesho kunakula muda na pesa.

Baada ya hapo ndipo pande mbili zinagongana. Anayetaka gari livuke atasema: Schwarzwald nako ni vijiji na milima, kwa hiyo bila gari umekwama. Ni hoja nzito kwa mtu aliyezoea stesheni za kwetu, ambako ukishuka kwenye SGR Dodoma unakuta bajaji na bodaboda zinakugombania. Kwenye stesheni ndogo ya Schwarzwald saa mbili usiku utakuta benchi na mashine ya tiketi.

Hata hivyo hoja hiyo inasahau jambo ambalo wenyeji wa hoteli za kule hulisema kwenye mapokezi: ukilala katika mojawapo ya miji na vijiji vilivyomo kwenye mpango wa KONUS, unapewa kadi ya mgeni inayokuruhusu kupanda mabasi na treni za kawaida za eneo hilo bila kulipa nauli. Gharama imo ndani ya tozo ya utalii unayolipa hotelini. Kadi haifanyi kazi kwenye treni za kasi, na basi la mwisho linaweza kuondoka mapema kuliko ungependa. Lakini kutoka Strasbourg treni inavuka Rhine hadi mji wa Offenburg kwa nusu saa hivi, na pale unapanda Schwarzwaldbahn, reli ya mlimani iliyokamilika 1873, inayopanda kwa kujizungusha na kupita mahandaki zaidi ya 30 kuelekea Triberg na mbele. Kwa dereva, mandhari hayo ni kona na breki. Kwa abiria ni dirisha.

Kwa hiyo swali la magari mawili, moja kila upande wa mto, mara nyingi halipo. Gari moja Alsace linatosha.

Nawaelewa lakini wanaokataa kuchanganya. Wazazi wenye mtoto mchanga, kigari chake na mabegi manne hawawezi kufurahia kubadili treni Offenburg ndani ya dakika nane. Na treni za Ujerumani zimepoteza sifa ya kwenda na saa: mwaka 2024, treni za masafa marefu za Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5 tu, na kwa hesabu zao hata treni iliyochelewa kwa karibu dakika sita inahesabiwa imefika kwa wakati. Ukiwa umepanga kuchukua gari mji mdogo Jumamosi, ofisi inafungwa mchana na haifunguliwi tena hadi Jumatatu. Treni ikikwama, gari umelikosa, na mkataba unaweza kukuhesabu kama mteja ambaye hakutokea. Sheria za Ulaya zinakurudishia robo ya nauli treni ikichelewa dakika 60 au zaidi, na nusu ikifika dakika 120, isipokuwa pale kampuni inapothibitisha kuwa chanzo kilikuwa nje ya uwezo wake. Pesa za gari haziko humo.

Halafu kuna amana. Kampuni nyingi hudai kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe na kuzuia juu yake kiasi kikubwa cha fedha. Mtu aliyetoka Nairobi au Dar na kadi moja yenye ukomo mdogo, akikodi mara mbili ndani ya wiki, anaweza kukuta amana ya kwanza haijaachiwa wakati kaunta ya pili inadai yake. Kwa mtu huyo gari moja linalovuka na kurudi lilikotoka ni salama zaidi, mradi mkataba unataja nchi anazoruhusiwa kuingia. Kuvuka bila ruhusa kunaweza kuiua bima, na kisheria hilo ni zito kuliko mkwaruzo wowote wa bampa.

Kuhusu ukaguzi, tofauti ni ndogo. Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tangu tarehe 16 Septemba 2024, na polisi wanaweza kuingia kwenye treni au tramu kama wanavyoweza kusimamisha gari. Tembea na pasipoti, basi. Viza ya kuingia mara moja haikuzuii kwenda Uswisi, kwa kuwa nayo imo Schengen.

Kinachonisukuma zaidi upande wa treni ni jambo ambalo halimo kwenye jedwali lolote la bei. Mkenya, Mtanzania au Mganda amezoea kuendesha kushoto, na wengi wetu tumekulia kwenye Vitz za otomatiki. Kule unaendesha kulia, gari la bei nafuu huwa la gia za mkono, na kampuni nyingi zitataka leseni ya kimataifa pamoja na ya nyumbani. (Mnyarwanda na Mkongo hapa wanatucheka, maana kwao ni kulia tangu zamani.) Siku mbili kwenye barabara tulivu za Alsace ni mazoezi mazuri. Barabara kuu ya Ujerumani yenye vipande visivyo na ukomo wa kasi si mahali pa kujifunzia.

Na Basel inanipa sababu ya mwisho. Barabara kuu za Uswisi zinadai stika ya faranga 40 kwa mwaka, hata ukipita dakika kumi. Ukikamatwa bila stika ni faini ya faranga 200 na bado stika utainunua. Uwanja wa ndege wenyewe, EuroAirport, uko wote kwenye ardhi ya Ufaransa lakini una upande wa Kifaransa na upande wa Kiswisi, kila mmoja na kaunta zake za magari na barabara yake ya kuingilia. Aliyechukua gari upande mmoja akalirudisha wa pili amevuka mpaka kwa macho ya mkataba, na bili itakuja hivyo. Aliyeshuka na treni Basel SBB, stesheni kuu ya mji upande wa Uswisi, anapanda basi namba 50 hadi mlangoni.